Kufunga antena mpya ya redio ya gari Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili

Redio ya gari ikianza kukwaruza, wa kwanza kulaumiwa ni antena. Mtu anapita dukani Mwanjelwa, ananunua ile ya pezi la papa kwa sababu inapendeza, inabandikwa juu ya rangi ndani ya dakika kumi, na akifika Mbalizi redio inakwaruza vilevile. Hela imekwenda. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kupima kabla ya kununua, halafu kuhakikisha antena imepata arthi safi, yaani chuma chake kimegusana barabara na bati la gari. Antena isiyo na arthi ni urembo tu, hata iwe ya bei gani.

Kwanza, jua milima inakufanyia nini

Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Hayapindi kufuata bonde kama mto. Mlima ukisimama kati yako na mnara, unabaki na mabaki: kidogo kinachopita ukingoni mwa mlima na kingine kinachogonga miamba na kurudi. Ndiyo maana ukishuka Kitonga, au ukitoka Isyonje kuteremkia Kiwira na Tukuyu ukiwa na Rungwe pembeni, stesheni iliyokuwa safi inaanza kukatika kila kona. Hapo gari halina ubovu wowote.

Kipimo chake ni rahisi. Simamisha gari mahali salama ambapo sauti imeharibika, kisha lisogeze polepole mbele mita moja hivi. Wimbi la FM lina urefu wa karibu mita 3, kwa hiyo ukisogea hata nusu mita unaweza kutoka kwenye kimya kabisa ukaingia kwenye sauti safi. Sauti ikibadilika namna hiyo, unapokea mawimbi yanayogongana baada ya kurudishwa na mlima. Antena nzuri itapunguza tatizo ila haitalimaliza. Ikiwa ni stesheni ya kitaifa kama TBC Taifa, tafuta masafa yake mengine, kwa kuwa hurushwa kwa masafa tofauti kutoka mitambo tofauti. Ya Mbeya na ya Iringa si namba moja.

Redio ikikwaruza ukiwa katikati ya mji, mahali ambapo karedio kadogo ka betri kanashika Bomba FM hapo Mbeya au Ebony FM ukiwa Iringa bila shida, basi tatizo liko kwenye gari lako. Endelea kusoma.

Redio ya Japani inasikiliza bendi nyingine

Hili linawapotezea watu hela kuliko yote. Magari yetu mengi yametumika Japani, na FM ya kule ilianzia 76 hadi 90 MHz; redio za miaka ya karibuni hufika 95. Huku kwetu stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio iliyokuja na gari inashika kipande kidogo tu cha mwanzo, na stesheni zilizo juu ya hapo haizijui kabisa. Hata uisimike antena kwenye kilele cha Loleza, redio inayoishia 90 haitashika stesheni ya 98.

Angalia namba kwenye skrini. Ikifika 90.0 kisha ikarudi 76.0, umeshapata jibu. Baadhi ya redio zina sehemu ya kuchagua eneo kwenye mipangilio. Jaribu hapo kwanza. Kama haipo, kuna ekspanda ya FM, kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha namba. Ya kupunguza 20 huifanya 98.0 isikike ukiweka 78.0. Lakini piga hesabu kabla ya kulipa: redio ya 76 hadi 90 ikiwa na ekspanda ya 20 inashika 96 hadi 108, na zote zilizo chini ya 96 unazikosa. Ya kupunguza 10 inakupa 86 hadi 100, na za juu zinabaki nje. Andika stesheni unazosikiliza kweli, ndipo uchague.

Ekspanda inahitaji umeme wa volti 12 kutoka waya unaowaka ufunguo ukiwa ACC, pale redio inapowaka kabla ya injini, na huongeza kelele kidogo zake yenyewe. Mahali ambapo mawimbi ni dhaifu, kelele hizo zinasikika. Kwa dereva anayekwenda Makambako, Njombe au Tunduma kila wiki, mimi namshauri abadilishe redio nzima aweke inayofika 108.

Pima kabla hujanunua

Chukua kipande cha waya wa kawaida chenye urefu wa sentimita 75, umenye ncha moja. Chomoa plagi ya antena nyuma ya redio, ingiza ile ncha katikati ya tundu, bila kugusa chuma cha pembeni, kisha nyoosha waya kwenda juu kando ya kioo cha mbele. Washa redio. Sentimita 75 ni robo ya wimbi la FM, kwa hiyo huo waya ni antena halali kabisa. Sauti ikiwa safi kuliko ilivyokuwa, redio ni nzima na ubovu uko kwenye antena, waya wake au arthi. Ikiwa mbaya vilevile katikati ya mji, mpelekee fundi redio hiyo, usiguse antena.

Hatua ya pili ni mita ya umeme ikiwa kwenye om, kipimo cha ukinzani. Gusanisha kwanza pini mbili za mita zenyewe, uone inasoma ngapi. Mara nyingi ni kati ya 0.2 na 0.5, na hiyo utaitoa kwenye kila kipimo. Kwa antena ya kawaida ya fimbo, pima kutoka pini ya katikati ya plagi hadi kwenye fimbo: inatakiwa iwe karibu na sifuri. Kisha pini ya katikati na chuma cha nje cha plagi: mita isisome chochote. Ikisoma, waya umeshikana ndani au umeingia maji. Mwisho, chuma cha nje cha plagi na bati tupu la bodi: chini ya om moja. Kipimo hiki cha tatu ndicho kinachofeli zaidi, na mara nyingi dawa yake ni msasa na kukaza nati.

Antena zenye ampulifaya (kikuza mawimbi) ndani, zikiwemo zile zilizochorwa kwenye kioo cha nyuma, hazifuati vipimo hivyo. Kwa hizo pima umeme. Redio ikiwa imewashwa, waya wa bluu nyuma yake unatakiwa utoe volti 12, na umeme huo ufike kwenye ampulifaya ya antena. Gari likitolewa redio ya Kijapani na kuwekwa ya skrini ya Android, waya huo huachwa ukining'inia umefungwa tepu, na tangu siku hiyo mwenye gari analalamika kwamba redio mpya ni mbovu. Unganisha huo waya mmoja. Huenda kazi ikaishia hapo, na hela ya antena ukanunulia mafuta.

Kwa antena ya kioo, angalia pia zile nyaya nyembamba za kahawia. Aliyebandika tinti akipitisha wembe juu yake, inakatika na huwezi kuiona mpaka usogeze jicho. Na tinti zenye chembe za chuma huzuia mawimbi zenyewe.

Antena ipi

Kwa barabara zetu nachagua fimbo ndefu, inayokaribia sentimita 75, inayosimama wima kwenye madigadi au kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Haina umeme, haina ampulifaya ya kufa, na ikivunjwa na tawi la mparachichi unabadilisha fimbo peke yake. Fimbo fupi za sentimita 20 zenye waya uliozungushwa ndani zinafaa mjini; ukienda mbali zinaachia mapema.

Pezi la papa la kweli lina ampulifaya na nyaya mbili: wa antena na wa umeme. Nyingi zinazouzwa ni gamba la plastiki lenye gundi chini na kipande cha waya ndani. Ligeuze dukani ulitazame tumboni. Kama halina plagi ya antena wala waya wa umeme, unanunua pambo.

Antena ya kubandika kwenye kioo ni msaada kwa asiyetaka kutoboa. Iwekwe juu pembeni mwa kioo cha mbele, mbali na tinti, na kile kibati chake cha arthi kikandamizwe kwenye bati tupu la nguzo, chini ya plastiki.

Hakikisha plagi inaoana na redio. Ile ya mviringo yenye pini ndefu ndiyo ya kawaida. Magari mapya ya Kijapani yana plagi ndogo za mraba, na adapta zake zipo. Usikate waya wa antena ukausokota na mwingine kama waya wa spika. Ule ni waya wa katikati uliozungukwa na wavu, na wavu ukikatika kinga imekwisha.

Vifaa na siku ya kazi

Andaa bisibisi ya nyota na ya bapa, spana namba 10, mita, msasa, drili kama utatoboa, rangi ya kuzuia kutu, tai za plastiki, tepu ya kitambaa, na silikoni isiyonuka siki. Ile inayonuka siki ina asidi na hula bati. Ongeza kijiti bapa cha plastiki cha kubandulia, kwa sababu bisibisi inakwaruza dashibodi.

Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ya Uyole au Makambako, usianze kubandua plastiki gari likiwa limelala kwenye baridi. Vile vishikizo vya ndani vinakuwa vikavu na vinakatika kimoja baada ya kingine. Liache juani hadi saa nne, ndani kupate joto. Na wakati wa mvua fanya chini ya paa, maana silikoni inahitaji sehemu kavu ili ishike na muda wa kukauka.

Kazi yenyewe

Zima gari, toa ufunguo, fungua waya hasi wa betri kwa spana namba 10. Kabla ya hapo hakikisha redio yako haina namba ya siri itakayoombwa umeme ukirudi. Subiri dakika kadhaa. Hii ni kwa ajili ya eabegi (mfuko wa hewa wa ajali): magari mengi yana eabegi ya pazia ndani ya nguzo ya kioo na ukingoni mwa dari, na nyaya zake huwa na soketi za njano. Ukiona njano, usichomoe, usipime kwa mita, na usipitishe waya wako mbele yake. Waya wa antena ukikatiza njia ya eabegi unaweza kuizuia kufunguka, na hapo ni maisha ya mtu.

Toa redio. Nyingi zimeshikwa na fremu ya plastiki inayobanduliwa, kisha boliti nne. Chomoa plagi ya antena kwa kushika plagi yenyewe, usivute waya.

Kama unaweka mpya mahali pa zamani, kwa mfano Hiace yenye antena kwenye nguzo, kazi ni nusu. Funga kamba imara kwenye plagi ya waya wa zamani, fungua skurubu za juu, na uvute antena itoke na kamba ikifuata. Sasa una njia tayari: funga plagi mpya kwenye kamba, zungushia tepu iwe laini isikwame, na mwenzako avute kutoka ndani huku wewe ukisukuma taratibu. Angalia kama antena ya zamani ilikuwa na mpira wa kutolea maji chini. Kama upo, urudishe ulipokuwa; bila huo mpira maji ya mvua yanashuka moja kwa moja miguuni kwa abiria.

Kama lazima utoboe, fikiri mara mbili kuhusu paa. Paa ni mahali pazuri kwa mapokezi, kwa sababu lile bati pana linakuwa nusu ya antena, lakini tundu lililozibwa vibaya Tukuyu, ambako mvua ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, litaozesha dari yote. Madigadi husamehe zaidi. Popote utakapochagua, tazama kwa chini kwanza: hakuna mbavu ya chuma, mfereji wa nyaya, wala tangi la maji ya waipa. Bandika tepu juu ya rangi ili isibanduke, weka alama, gonga kidoti kwa msumari, toboa kwa biti ndogo ya milimita 3, ndipo upanue kwa biti ya ngazi hadi kipimo cha kitako cha antena. Fanya taratibu. Vumbi la chuma lifagie lote, kwa kuwa chembe moja ikibaki juu ya rangi, baada ya mvua mbili itaota doa la kutu.

Hapa ndipo pa kutulia. Chini ya tundu, upande wa ndani usioonekana, kwangua rangi kuzunguka tundu kwa upana wa ile washa yenye meno, kisahani cha chuma kinachokaa kati ya nati na bati, mpaka uone bati linang'aa. Siyo kijivu cha praima, siyo bati lililofifia: ling'ae. Upande wa nje usikwangue kitu. Pale juu ni kazi ya raba na silikoni. Ukingo wa tundu wenyewe upake rangi ya kuzuia kutu kwa ncha ya brashi ndogo, uache ikauke, lakini ile pete uliyoikwangua iache tupu. Weka raba, shusha antena, panga washa meno yakiangalia bati, kaza nati hadi meno yaume. Sasa, kabla ya kufunga chochote, pima: chuma cha nje cha plagi na bati la bodi. Ukipata chini ya om moja, umeshinda. Ukipata om 5, fungua, kwangua tena. Kipimo kikikaa sawa, paka rangi kwa chini kuizunguka nati, ili hewa yenye unyevu isiingie na kuanza kula ile pete.

Ukipitisha waya kutoka madigadi kuingia ndani, tumia tundu lenye raba ambalo tayari lina nyaya za gari, na uuache ushuke kidogo kabla ya kupanda kuingia. Maji yanayofuata waya yatadondokea pale chini, yasiingie kwenye dashibodi. Ndani, ukae mbali na nyaya nene za ampulifaya ya muziki na za feni. Ikibidi zikatane, zikatane kama msalaba, zisilale pamoja. Waya ukizidi, ukunje kwa mikunjo mipana nyuma ya droo ya dashibodi na uufunge kwa tai ili usigonge kwenye matuta.

Antena yenye umeme: waya wake uende kwenye waya wa bluu wa redio. Usiunge kwenye waya unaowaka muda wote. Gari lililolala siku kadhaa litaamka betri imekufa.

Kujaribu, na kelele zinazobaki

Rudisha betri, washa redio bila kuwasha injini. Tafuta stesheni moja yenye nguvu na moja dhaifu, usikilize zote. Kisha washa injini. Ukisikia mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta, huo ni mluzi wa oltaneta unaopita kwenye arthi mbovu ya redio. Peleka waya mweusi wa redio kwenye bati tupu kwa boliti. Zikiwa ni kelele za mkwaruzo usiobadilika, chomoa chaja ya simu kwenye kiberiti cha gari. Chaja za bei ya chini hutoa kelele ndani ya bendi ileile ya FM, na taa za LED za kuongezwa hufanya hivyohivyo. Zima kimoja kimoja mpaka umpate mhusika.

Halafu litoe gari nje ya mji. Kutoka Mbeya, nenda hadi Inyala na kurudi kwa stesheni moja, redio isibadilishwe, na uzingatie sehemu zinazokatika. Rudia siku nyingine. Zikiwa ni zilezile, ni milima. Zikihama, nati imelegea au plagi haijaingia vizuri nyuma ya redio. Isukume mpaka iingie yote.

Mvua ya kwanza ikinyesha, vua taa ya dari au inua kapeti ya upande wa abiria na upapase kwa mkono. Pakiwa na unyevu, usiongeze silikoni juu ya ile ya zamani. Ng'oa yote, futa kwa spiriti, anza upya. Kabla ya kuosha gari kwa pampu, fungua fimbo uiweke ndani, na ukiirudisha ikaze kwa mkono tu, kwa sababu koleo huvunja uzi wa kitako na utarudi kununua antena nzima.